Nilichoahidi Kumzikia Bi Tatu

Mkipewa ndoo iliyofunikwa kitambaa mkaambiwa mkaitupe, ulizeni kwanza ni ya nani. Ni ya nini mtajionea wenyewe, na baada ya miaka miwili hamtaona tena, maana macho huzoea kila kitu. Ulizeni ni ya nani. Mkishalijua jina mtatembea na ndoo hiyo kwa namna nyingine.

Nawaambieni hivi nyinyi mnaoanza kazi ya wodi kwa sababu wakubwa wenu wamenikaribisha niwaeleze tulivyofanya kazi zamani, na najua walichotarajia. Walitarajia niwachekeshe. Hospitali nzima ilinijua kwa kuchekesha. Nitawachekesha kidogo, lakini nilichokuja nacho ni kitu kingine, na nimekikalia miaka mingi kuliko umri wa yeyote kati yenu.

Nilikuwa mhudumu wa wodi katika hospitali moja ya hapa Tabora mjini, tangu ndevu za kwanza mpaka magoti yalipokataa. Sikuwa muuguzi, wala tabibu. Shule niliiachia darasa la nne, huko kwetu upande wa Bukene, mwaka aliofariki mama, baba akiwa ameshatangulia. Nilikuwa kifungua mimba, na nyuma yangu walikuwapo wanne, wa mwisho wao Nyamizi, aliyekuwa bado anabebwa mgongoni. Mjomba alitaka kutugawa kwa ndugu, mmoja huku mmoja kule, kama vifaranga. Nikakataa. Nikapanda treni kuja mjini, nikapata kazi ya kusugua sakafu za hospitali, nikapanga chumba, nikawaleta wote. Kwa hiyo nikisema kwamba niliiogopa kazi yangu isinitoke, mnielewe. Wanne walikuwa wanakula kwa kusugua kwangu.

Aliyenitoa kwenye sakafu akanipeleka kwa wagonjwa ni Mzee Rajabu, dresa, yaani mfunga vidonda, wa wodi za upasuaji, mtu wa Tabora hii hii kwa vizazi vitatu, mpole wa mikono na mkali wa maneno. Siku zile hatukuwa na vitu vya kutumia mara moja na kutupa. Sindano zilikuwa za kioo, tukizichemsha. Bandeji zilifuliwa, zikaanikwa, zikaviringishwa upya mpaka zikawa nyembamba kama utando. Mzee Rajabu aliniambia kila kinachoingia kwa mgonjwa lazima kichemshwe. Nikalishika neno. Wiki yangu ya kwanza nikakusanya vipimajoto vya wodi nzima nikavitia kwenye sufuria.

Akaja, akachungulia. Vioo vimepasuka, zebaki inakimbizana chini ya sufuria.

"Maganga, umepika nini?"

"Vipimajoto, mzee."

"Vimeiva?"

Kisha akanishika bega akanipeleka mpaka mlangoni kwa Sista Mkuu, akabisha hodi, akaniacha hapo peke yangu na sufuria mkononi. Hakusema neno la kunitetea wala la kunishitaki. Hiyo ndiyo ilikuwa shule yake.

Jambo la pili alilonifundisha ni kuinua mgonjwa mzito, na hili lishikeni, maana naona siku hizi mnavuta watu kwapani kama mnavuta gunia la mtama. Kunja shuka kwa urefu mara nne, lipitishe chini ya kiuno na makalio. Wawili huku, wawili kule, kila mmoja akunje shuka mpaka ngumi zake ziguse mwili wa mgonjwa. Mgonjwa aambiwe kabla: tunakupandisha juu kidogo, weka kidevu kifuani. Ndipo mhesabu. Chini ya mikunjo ya mwili osheni, kisha kausheni, kisha tieni poda, maana kidonda cha jasho ni kidonda kamili. Mwenye mshono wa tumbo apewe mto akiwa anakohoa, aukumbatie tumboni. Akicheka pia aukumbatie. Kicheko huuma mshono kuliko kikohozi, kwa sababu mtu hajiandai kucheka.

Na mgonjwa mnene anajua kwamba ni mnene. Hana haja ya kupashwa habari hiyo. Mimi nilimpasha.

Jina lake Bi Tatu. Alikuwa mjane wa mfanyakazi wa reli, Mzaramo aliyeletwa Tabora na kazi ya mumewe na akabaki, akiuza vitumbua pale Mtendeni. Alikuwa mnene sana, wa kuingia mlangoni ubavu ubavu, na kitovuni alikuwa na ngiri iliyotokeza kama kibuyu. Daktari, mgeni aliyekuwa na Kiswahili cha maneno machache, alimwambia hampasui mpaka apungue. Bi Tatu akapungua. Miezi mingi alikuja kupimwa kwa miguu kutoka Mtendeni, akipanda mzani mbele ya watu wote. Mpango wa daktari ulikuwa kurudisha ngiri ndani na kukata pia ile nyama ya tumbo iliyokuwa inaning'inia mpaka mapajani, maana alisema itavuta mshono na kuuharibu.

Mnajua Wazaramo na Wanyamwezi ni watani. Babu zetu walibeba pembe na mizigo ya watu kutoka huku mpaka pwani, na waliofika Uzaramo walikuwa hoi, wakapokewa, wakaibiana kuku, wakazikana njiani. Utani ukaanzia huko. Mtani wako anaweza kukuambia lolote na huruhusiwi kununa. Bi Tatu alipolazwa na kusikia mimi ni Maganga wa Bukene, macho yalimng'aa.

"Shikamoo, Bi Tatu," nikamwamkia.

"Marahaba, mpagazi. Umeshatua mzigo wa nani leo?"

"Nangoja wako. Naambiwa unahitaji behewa zima."

"Behewa mimi ninalo, nimeachiwa na marehemu. Wewe tafuta kichwa cha kulivuta, maana hicho chako cha Kinyamwezi kimezoea kubebea juu tu, ndani hakuna kitu."

Wodi ikacheka. Zilikuwa siku za Azimio la Arusha, na kwenye ukumbi wa hospitali palikuwa na picha ya mnyonyaji, mtu mwenye tumbo kubwa na mrija mdomoni. Nikawa nampita nikisema, "Ndugu kupe, hujambo?" Naye anajibu, "Nimenyonya vitumbua vya Mtendeni. Wewe mdudu gani, mbona hata kunyonya huwezi?" Kila nilichompa alinirudishia na nyongeza. Sista Mkuu alinikemea mara moja, Bi Tatu mwenyewe akamwambia, "Mwache, Sista. Huyu ni wangu."

Asubuhi ya upasuaji nilikwenda kumwandaa. Hakuwa na utani siku ile. Alitoa chini ya mto kipande cha bafta nyeupe, mpya, kimekunjwa vizuri.

"Mtani," akasema kwa sauti ya chini, "daktari anasema atakata nyama yangu aitoe. Nimeuliza inakwenda wapi, hakunielewa. Mimi ni Mwislamu. Kilichotoka mwilini mwangu kinazikwa, hakitupwi na matambara. Wanangu wako Dar es Salaam. Hapa sina mtu wa kumtuma ila wewe."

"Niachie mimi."

"Ikunje humu. Uchimbe pahali pasipopitwa na watu. Usinifanyie utani katika hili."

"Bi Tatu, nimeshakuambia. Niachie mimi."

Nikaitia ile bafta mfukoni.

Upasuaji ulichukua muda mrefu. Baadaye nikapewa ndoo mlangoni pa chumba cha upasuaji, ina kitambaa juu, ikiwa nzito mkononi kama ndoo ya maji. Naapa kwamba nilipoipokea nilikuwa na nia ya kuzika. Nilikuwa nakwenda kuomba jembe kwa mtunza bustani. Njia ilipita jikoni.

Miaka ile mafuta ya kupikia yalikuwa adimu. Watu walipanga foleni duka la ushirika tangu alfajiri, wakarudi na vibaba vitupu. Wapishi wetu walikuwa wakipika mboga kwa maji na chumvi, na kila siku wagonjwa wakiwanung'unikia wao, kana kwamba wao ndio wameyaficha. Walikuwa wamekaa mlangoni wakichambua maharage, wamenuna. Mpishi mkuu, Mama Flora, akaniuliza, "Maganga, umebeba nini?"

Ningeweza kupita. Jibu lilinitoka kabla sijalitafakari.

"Leteni karai," nikasema. "Mafuta ya mwezi mzima haya, tena bila foleni. Ni ya Bi Tatu."

Sijawahi kuchekesha watu namna ile. Mama Flora aliketi juu ya gunia la unga akijifuta machozi kwa khanga. Mwingine alipiga sufuria kwa mwiko. Nami nikaongeza na kuongeza, kwamba Mtendeni kutakuwa na vitumbua mpaka sikukuu ya Sabasaba, kwamba tuandike barua wilayani kuripoti ziada. Wakanipa chai. Nikainywa pale pale nimesimama, ndoo iko chini karibu na mguu wangu.

Nilipomaliza chai nilikuwa nimechelewa. Jembe lilikuwa upande wa pili wa hospitali. Shimo la kuchomea takataka lilikuwa hatua ishirini. Nikaenda shimoni, wapishi wakiniona, nikamimina juu ya bandeji chafu, nikasuuza ndoo.

Bafta ilibaki mfukoni. Nguo nazo zilikuwa taabu kupatikana. Jioni nikampa Nyamizi, ambaye alikuwa ameshaanza shule, na dada yake akamshonea kola ya gauni.

Bi Tatu alipozinduka sawasawa, siku ya pili, jambo la kwanza alilouliza halikuwa maumivu.

"Mtani, umeizika?"

"Nimeizika."

"Wapi?"

"Kule nyuma, karibu na uzio wa minyaa. Hapapitwi na mtu."

"Umeikunja vizuri?"

"Nimeikunja."

Akafumba macho. "Mungu akulipe," akasema.

Nawaambieni, nilitoka pale nikaendelea na kazi. Nilikula mchana, nikalala usingizi. Aibu haikunijia wakati wa kosa. Ilijifanya haipo, ikangoja.

Siku tatu za kwanza alikwenda vizuri. Tulimfunga mkanda mpana wa kitambaa tumboni, tukamkalisha, tukamfundisha kuvuta pumzi ndefu. Alikunywa chai ya maji, kisha uji mwepesi. Utani ulirudi polepole, ameukumbatia mto. "Usinichekeshe, mpagazi, utanipasua nikuachie wewe kazi ya kushona."

Siku ya nne mchana nilimkuta amegeukia ukuta. Nikamwambia, "Ndugu kupe, leo umesusa kunyonya?" Hakujibu. Nikadhani ni maumivu. Kesho yake nikamtania tena, akanyamaza, akatabasamu kidogo kama mtu anayelipa kodi. Bakuli la uji lilirudi jikoni limejaa. La jioni likarudi limejaa. Nikazidisha utani, nikiamini kwamba ndiyo dawa yake.

Hapa ndipo nataka mnisikilize, mwe watani wa mtu au msiwe. Utani ni wa watu wawili. Siku mmoja anapoacha kujibu, umekwisha, na unachoendelea kukisema baada ya hapo ni matusi. Mimi, mtaalamu wa wodi nzima, nilisema matusi siku tatu mfululizo nikidhani nachekesha.

Na kimoja kingine. Aliacha kuita. Mwanzoni, kila alipotaka chombo au kugeuzwa, aliita, "Mpagazi, mzigo wako." Sasa hakuita tena. Nilipompitia na wenzangu na lile shuka, alisema, "Bado, wanangu. Sijachoka." Mgonjwa asiyeita si mgonjwa mwepesi. Nendeni mkamtazame.

Ilikuwa baada ya chakula cha mchana, saa ile wodi inapolala na nzi peke yao ndio wanatembea. Nilikuwa nafuta meza za dawa. Nikasikia kitu kama pazia linachanika, kisha sauti ya Bi Tatu, wala haikuwa kubwa: "Ee Mola." Alikuwa amesimama katikati ya wodi, ameshika ukingo wa kitanda cha jirani. Alikuwa amejiteremsha peke yake kwenda chooni. Mkanda ulikuwa umelegea na gauni lilikuwa limelowa maji mekundu mekundu mpaka magotini.

Mshono ulikuwa umeachia.

Tulimlaza palepale sakafuni, magoti yamekunjwa. Mzee Rajabu alifunika kidonda kwa vitambaa safi vilivyoloweshwa maji ya chumvi, wala hakurudisha kitu ndani kwa mkono, nanyi kamwe msirudishe. Mimi nilitumwa kumkimbilia daktari. Nilikimbia nikihisi macho ya Bi Tatu mgongoni, ingawa najua yalikuwa yamefumba.

Alishonwa upya kwa nyuzi nene, kila uzi umepitishwa kwenye kipande cha mpira usikate nyama. Daktari alisema kwa maneno yake machache: mwili hauli, kidonda hakishiki. Akila, atapona. Asipokula, na kidonda kikatoa harufu ya usaha, hatapona. Ikawa ndiyo habari ya wodi: je, Bi Tatu atakula?

Sista Mkuu alituita sote. "Nani alimwacha mgonjwa huyu ateremke peke yake?" Nilikuwa zamu. Nikanyamaza. Nilikuwa nawaza vitanda viwili vya kamba na vichwa vinne juu yake. Sista akaenda kumuuliza mwenyewe, sisi tumesimama nyuma. Bi Tatu alisema, "Hakuna aliyekosa. Nilijitakia." Aliyasema akiangalia dari.

Kitanda cha pili yake alilala mama mmoja mzee wa Nzega, mfugaji, paja limevunjika, mguu umening'inizwa kwa kamba na jiwe. Tulimwita Mama Kulwa. Hakuweza kwenda popote, kwa hiyo aliona kila kitu. Kesho yake asubuhi nikamwamkia kwa lugha ya nyumbani, "Mwangaluka, mayu." Hakuitikia. Alinitazama mpaka nikaweka chini ndoo ya maji.

"Wewe mwana," akasema, "unajua huyu kwa nini hali chakula?"

"Maumivu, mayu."

"Maumivu. Siku ile yule mpishi mnene alileta uji. Akamwambia, kunywa, Bi Tatu, huu hauna mafuta, yako bado tumeyaweka karaini. Huyu akauliza, mafuta gani? Mpishi akamsimulia, anacheka, akidhani mmeshachekeana wawili. Ndoo, karai, chai yako, shimo, yote. Huyu alimsikiliza mpaka mwisho. Akamwambia ahsante. Akageukia ukuta."

Niliinama kuishika tena ndoo yangu.

"Tena aliniambia mimi," Mama Kulwa akaendelea, "hawezi kumwita mtu aliyemtupa aje kumwinua. Akaona heri atembee."

Nilikwenda kwa Mzee Rajabu, aliyekuwa akiviringisha bandeji kivulini. Nikamwambia yote, na bafta, na kola, huku nimeinama. Alisikiliza mpaka bandeji ikaisha, akaifunga kwa pini.

"Umemaliza?"

"Nimemaliza, mzee."

"Mimi nina kidonda?"

"Huna."

"Basi kwangu umekuja kupumzika. Nenda kwa mwenye kidonda."

Sikwenda siku ile. Wala siku ya pili. Nilijiambia mgonjwa asisumbuliwe. Nilijiambia kwamba Sista akijua nitafukuzwa, na wanne watarudi Bukene kugawanywa. Kila asubuhi Nyamizi alisimama mlangoni ana kola yake nyeupe, nimkague kabla ya kwenda shule, kwani nilikuwa baba na mama. Nilimkagua viatu tu. Shingoni sikuweza kutazama. Na kila mchana bakuli la Bi Tatu lilirudi limejaa, na mikono yake ikaanza kulegea ngozi, na siku ya tatu Mzee Rajabu alipofungua kidonda alikinusa, akanitazama, akafunga.

Nikaenda. Nilichukua trei ya kufungia vidonda ili mikono iwe na kazi. Nikamwambia, "Bi Tatu, sikuizika. Niliitupa shimoni. Kabla ya hapo niliwachekesha nayo jikoni. Ulipouliza nikakudanganya."

Nzi alitua kwenye shuka, akamfukuza kwa kidole.

"Walicheka kina nani?"

Nikamtajia mmoja mmoja.

"Na wewe?"

"Nilicheka. Nikanywa na chai."

"Na bafta yangu?"

"Imekuwa kola ya gauni la mdogo wangu. Yuko darasa la kwanza."

Hapo ndipo nilipoona machozi, mawili, yakateremka kuelekea masikioni kwa kuwa amelala chali.

"Isiondolewe," akasema. "Mtoto hana kosa."

Nikadhani amemaliza. Nikashika koleo la kubania pamba.

"Dirisha hilo," akasema, "linaleta kila kitu cha jikoni. Moshi, na sauti. Mchana wakipakua huwa wanacheka. Pengine wanacheka mambo yao. Lakini mimi nasikia ni mimi. Bakuli likija, natazama uji, kicheko kile kinaingia, koo linafunga. Nimejaribu. Wallahi nimejaribu, sitaki kufa." Akavuta pumzi, akashika tumbo. "Uliwaambia ile ni nini. Hukuwaambia nilikuomba nini. Nenda ukawaambie."

"Sasa hivi?"

"Uji unaletwa saa ngapi?"

"Saa sita."

"Basi kabla ya saa sita."

Nimeinua maiti, nimesafisha vidonda vyenye funza, nimezuia mwendawazimu mwenye panga. Hatua za kutoka wodini mpaka jikoni siku ile zilikuwa ngumu kuliko hayo yote. Walikuwa palepale mlangoni. Mama Flora aliponiona alianza kucheka kabla sijafungua mdomo. Nilikuwa nimewazoeza hivyo.

"Haya, Maganga, leo umetuletea nini?"

"Nimekuja kusema neno."

Wakacheka. Mmoja akasogeza gunia niketi.

"Bi Tatu alinipa bafta mpya," nikasema. Wakacheka tena, wakingoja. "Alinipa asubuhi ya upasuaji. Akaniomba nimkunjie humo nyama yake nikaizike, kwa sababu ni dini yake na hana mtu mwingine hapa mjini. Nikamwambia aniachie mimi." Bado kuna aliyekuwa anatabasamu, akitafuta mahali pa kuangua kicheko. "Nilipopita hapa na ndoo, nilikuwa nimetumwa kuzika. Bafta ilikuwa mfukoni wakati nakunywa chai yenu. Nikatupa. Nikamdanganya nimezika. Sasa amejua, na hali chakula, na kidonda chake kinaoza."

Nilifika mwisho, na mwisho haukuwa na cha kuchekesha. Nilisikia uji ukitokota. Mama Flora alikuwa ameshika mwiko juu, unadondosha matone motoni.

"Mimi ndiye niliyemsimulia," akasema. "Nilimpelekea mwenyewe na uji mkononi."

Akaweka mwiko, akanawa mikono na uso, akafunga khanga safi, akapakua bakuli. Kwa kawaida mpishi mkuu hapeleki chakula wodini isipokuwa akipenda. Alilipeleka. Aliyoongea na Bi Tatu sikuyasikia, na sikustahili kuyasikia. Nilibaki nje ya dirisha, na jikoni nyuma yangu walipakua kimya, siku ile na kesho yake na wiki nzima. Bakuli lilirudi nusu. Jioni likarudi robo.

Baadaye nikaenda mwenyewe kwa Sista Mkuu. Alinirudisha kusugua sakafu kwa miezi mingi, lakini hakunifukuza. Nilikuwa nimejiandaa kwa kufukuzwa, na kule kubakizwa kazini kulinitia aibu zaidi kuliko adhabu.

Kidonda kilichukua wiki nyingi kufunga. Bi Tatu aliondoka kwa miguu yake, amepungua sana, gauni limemvaa kama la mtu mwingine, na uso umekuwa na mifupa ambayo hatukuwahi kuijua. Alituaga wodi nzima kwa mkono. Alimkumbatia Mama Flora. Alimwinamia Mama Kulwa. Mzee Rajabu alimwombea dua. Nilikuwa nimesimama mwisho na ufagio wangu. Nikampa shikamoo, akaitikia, akanipa mkono kama wengine.

"Ahsante kwa kazi, Bwana Maganga," akasema.

Nilingoja aongeze. Neno moja tu, mpagazi, lingenitosha. Hakuongeza.

Tuliishi mji mmoja miaka mingi baada ya hapo. Vitumbua alivirudia, na nilipopita Mtendeni nilinunua kwake. Aliniuliza hali za wadogo zangu, kwa majina, wote wanne, na alimwekea Nyamizi kitumbua cha ziada kila mara. Aliponitaja mimi aliniita Bwana Maganga, kwa adabu kamili, jinsi mtu anavyomwita karani wa boma. Wateja waliosimama pale walidhani ananiheshimu.